Wakili Hakusema Uongo

Mume wangu anaitwa Kiguu, na aliyempa jina hilo hakukosea. Ni kiguu na njia tangu nimjue. Mashine yake ya kusaga nafaka ikizimwa dakika tano tu, utamkuta anafunga lango ambalo limeshafungwa, au amesimama barabarani anaangalia kama barabara bado ipo. Chakula anakula amesimama. Siku ya harusi yetu mpiga picha alimwomba atulie mara tatu, na mpaka leo kwenye ile picha mkono wake mmoja hauonekani vizuri.

Nami sina mdomo wa kumsema sana, maana nami ni hivyohivyo. Ni fundi cherehani. Nashonea kwenye chumba cha mbele, ukuta mmoja na mashine yake, na mguu wangu ukikosa pedali unacheza wenyewe chini ya meza. Mama mkwe, enzi za uhai wake, alikuwa akisema nyumba hii inahitaji angalau kiumbe mmoja anayejua kukaa. Ndipo akaja mbwa.

Wakili aliletwa ndani ya mfuko wa unga akiwa mdogo, akatoka mweupe, na tulipomwogesha tukakuta kumbe ni wa kahawia. Jina alipewa na shemeji yangu, mdogo wake Kiguu, baada ya kumwona kazini: maneno mengi, na hagusi mtu. Maana Wakili si mbwa wa kuuma, ni mbwa wa kubwekea. Akimpata nguruwe pori anasimama mbele yake, hatua moja nje ya meno, anambwekea usoni. Nguruwe akimrukia, anaruka nyuma. Nguruwe akigeuka aende zake, anamsumbua makalioni mpaka ageuke tena. Kazi yake ni kumweka pale tu, hadi mwenye mkuki afike.

Watu huuliza kwa nini mbwa mmoja, wakati wengine wanakwenda na kundi. Kiguu ana jibu, na hayo ndiyo mazungumzo pekee anayoweza kuyafanya ameketi. Nguruwe akiona mbwa watano, anasema, anajua ni vita, anakimbia na humpati tena. Akimwona mmoja, anaona ni dharau, anasimama amfunze adabu. Ila ukiwa na mmoja lazima uwe na masikio. Mbwa akibweka moja moja, kwa kuachia nafasi, nguruwe anatembea. Akibweka mfululizo bila kupumua, nguruwe amesimama, na hapo unaifuata ile sauti, polepole, upepo ukikupiga usoni. Na mdomo unaufunga. Mbwa akisikia sauti ya mtu wake karibu anapata kiburi cha bure, anadhani sasa mko wawili, anaingia kuuma. Mbwa mmoja akiingia kwa dume lenye meno, unarudi nyumbani na kamba tupu.

Kwa miaka mitano wawili hao walikuwa hawakosi. Wenye mashamba ya bondeni wakiamka na kukuta viazi vimefukuliwa, walikuja kugonga kwetu kabla hawajanawa uso. Halafu, tangu msimu wa mvua uliopita, mambo yakaharibika. Safari nne, mara zote nne Kiguu amerudi mikono mitupu, na Wakili amekuja saa nzima nyuma yake, matope mpaka masikioni, sauti imemkauka kama mtu aliyetoka kuomboleza.

Jumapili ya wiki ninayoisimulia, Kiguu alikuwa anakula amesimama mlangoni, shemeji ameketi mezani kama watu.

"Yule mbwa ameanza uongo," Kiguu akasema. "Anabwekea huku, nguruwe yuko kule. Nikifika nakuta majani tu."

"Labda unachelewa," nikasema.

"Sichelewi. Ananidanganya. Mbwa mwongo hafugwi, siku moja atanipeleka mbele ya meno nikidhani niko nyuma yake." Akaweka sahani chini. "Jumamosi namjaribu kwa mara ya mwisho. Akinidanganya tena, namalizana naye hukohuko."

"Unamalizana naye vipi?"

"Mkuki si ninao."

Shemeji akasema mchoma mkaa ana mbwa wawili wa kuuma, wakali, anaweza kuwatoa. Alisema hivyo huku anajiongezea mchuzi.

Sasa nieleweke. Mimi si mpenzi wa mbwa. Manyoya yake yanaingia kwenye nguo za wateja, na harufu yake akinyeshewa naijua mimi. Lakini Wakili analala chini ya meza yangu ya cherehani, juu ya vipande vya vitambaa, kidevu kimewekwa juu ya mguu wangu. Nikikanyaga pedali kichwa chake kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, na hajawahi kulalamika. Jioni ile niliambiwa kwamba kichwa kile nimebaki nacho siku sita.

Jumatatu nilishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, nikafumua, nikaushona tena palepale. Nilitoka nje mara kumi bila haja. Kiguu naye anatoka. Tukawa tunapishana uani kama askari wa zamu, hakuna anayemwambia mwenzake anatafuta nini.

Jumanne ndipo nikaona. Mashine ilikuwa imezimwa, Kiguu amesimama katikati ya uwanja anafuta mikono. Wakili akaanza kubweka nyuma ya nyumba, penye rundo la kuni, ambako kuku wa jirani alikuwa ameingia kutaga. Mimi nilikuwa dirishani, nasikia wazi: nyuma, kwenye kuni. Kiguu akainua kichwa, akakigeuza kidogo, akageuza tena. Halafu akatoka mbiombio kwa lango la mbele, akaenda mpaka barabarani. Akasimama kule anaangalia juu na chini, na mbwa yuko nyuma ya nyumba anapaza sauti.

Nilikaa chini. Sindano ilikuwa mdomoni na nikasahau kuitoa.

Kuanzia hapo ikawa mwenye macho haambiwi tazama. Simu anaipeleka sikio la kulia, hata kama mkono wa kulia umejaa unga na wa kushoto ni safi. Nikimsemesha kutoka kushoto, anasema "eh?" na kutazama mahali ambapo sipo. Mashine, ambayo zamani alikuwa akiijua kwa mlio akiwa chooni, siku hizi anaiwekea kiganja ubavuni kama mama anayepima homa ya mtoto. Miaka ishirini na mbili amesimama upande mmoja wa ile mashine, sikio la kushoto kwenye injini. Sikio hilo lilikuwa limekufa. Na mtu mwenye sikio moja anasikia kwamba kuna sauti, inakotoka hajui. Mbwa alikuwa anasema kweli tupu, safari baada ya safari, mpaka sauti inamkauka, na hakuna aliyekuja.

Utasema, basi si umwambie. Ndiyo, ni rahisi ukiwa nje. Baba mkwe naye alikuwa msagishaji, naye masikio yalikwisha. Nilimkuta kwenye kiti mlangoni. Watu walikuwa wakimpigia kelele kama mtoto, au wanazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni mzigo wa mtu. Mashine ilichukuliwa mikononi mwake siku moja mchana, bila ubaya, kwa upole kabisa, akapewa kiti. Kiguu ndiye aliyekileta kile kiti. Tangu siku hiyo hajapenda kukaa.

Alhamisi nilijaribu. Nikamwambia Kiguu, "Baba, masikio yako vipi siku hizi?"

"Yana nini? Nasikia hata unachowaza."

"Nawaza nini?"

"Unawaza mbwa." Akatoka. Akafika kwenye lango alilokuwa amelifunga yeye mwenyewe, akalifungua, akalifunga.

Ijumaa jioni nikasema nakwenda naye. Shemeji akacheka mpaka akapaliwa. "Shemeji, huko hakuna kioo, utajiangalia wapi?"

"Nitajiangalia kwenye upara wako," nikamjibu. Halafu nikamgeukia mume wangu, nikasimama upande wake wa kulia kwa makusudi. "Nimemlisha miaka sita. Kama anahukumiwa, mlishaji awepo."

"Ukija, hufungui mdomo," Kiguu akasema.

"Sifungui."

Jumamosi tulifika bondeni jua ndiyo kwanza linachomoza. Shamba la viazi la jirani lilikuwa limechimbuliwa kama lililopitiwa na jembe la mlevi, na nyayo zilikuwa mbichi, maji yanaingia bado ndani yake. Kiguu akamfungua Wakili kamba. Mbwa akaweka pua chini, akazunguka mara mbili, akazama kwenye majani. Tukabaki sisi wawili na kimya. Mume wangu, ambaye hajawahi kusimama, alisimama. Nikaona ameshika mkuki, na kichwa anakigeuza polepole, kulia, katikati, kulia.

Kubweka kukaanza. Moja. Halafu moja. Halafu ikaungana, mfululizo, bila kupumua, na hata mimi mgeni nikajua kwamba nguruwe amesimama. Ilitoka kushoto kwetu, chini, penye matete kando ya kijito. Hapo tu. Ningeweza kurusha kiatu kikafika.

Kiguu akaondoka kuelekea kulia, kupanda mlima.

Nikamvuta shati, nikamwonyesha matete kwa mkono. Akalichopoa shati lake mkononi mwangu. "Usinifundishe kazi," akanong'ona, akaenda zake.

Nilisimama pale njia panda kama mjinga. Nimfuate, mbwa anaachwa. Nimfuate mbwa, nina nini mkononi, sindano? Yeye anazidi kupanda, mbwa anazidi kubweka. Nikaanza kuhesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Sauti ya Wakili ikaanza kukwaruza. Nilijua lile koo. Baada ya saa nzima lingekuwa limekwisha, nguruwe angeondoka, Kiguu angeshuka na kusema mbwa amemdanganya, na mkuki si anao.

Halafu nikamwona kule juu. Alikuwa amesimama kwenye uwazi, anazunguka. Anazunguka palepale, kama aliyeangusha kitu na hajui ni nini. Mkuki umeshuka. Uso wake niliuona hata kwa mbali, na sikuwahi kumwona na uso ule, hata siku ya msiba wa baba yake. Alikuwa anaogopa. Moyo uliniuma kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya mbwa, na hapo nikasahau yote niliyoambiwa.

"Baba!" nikapiga kelele. "Huku! Kwenye matete!"

Kubweka kukakatika.

Sauti ambayo Wakili anaijua kuliko zote duniani ni yangu. Mimi ndiye ninayemwita kula. Akasikia mtu wake yuko karibu, akapata kile kiburi cha bure, akaingia. Nilisikia mkoromo, majani yakivunjika, halafu mbwa akalia kilio ambacho sijakisahau.

Dume likatoka kwenye matete, jeusi, shingo hakuna, likapanda mlima moja kwa moja kwenye njia aliyosimama Kiguu. Lilimjia kutoka kushoto. Lilikuwa linavunja vichaka na kukoroma, mtu mwingine yeyote angelisikia toka bondeni, na yeye alikuwa ananitazama mimi, mkono nyuma ya sikio, anajaribu kupata nilichosema. Nikanyoosha mkono wangu wote, kidole, mwili mzima, kushoto kwake. Akautazama mkono. Akageuka. Nguruwe alikuwa hatua nne.

Alijitupa kando akaangukia mtaro. Dume likapita juu ya mkuki, likauvunja mpini, likachana suruali kutoka goti mpaka kiunoni bila kugusa ngozi, likaenda. Mpaka leo sijui ngozi ilipona vipi.

Nilipomfikia alikuwa ameketi mtaroni. Ameketi, yeye.

"Sikumsikia," akasema. Hakuniambia mimi, alikuwa anajiambia.

Nikamshika mkono, nikamvuta mpaka kwenye matete bila neno. Wakili alikuwa amelala ubavu kwenye tope, bega limefunguka kama mfuko ulioshonwa vibaya, na mbavuni amechanwa shibiri nzima. Mkia ukagonga tope mara mbili aliponiona. Kiguu akavua shati, akamfunga, akambeba mikononi njia yote, na safari hiyo alitembea polepole.

Shemeji alikuwa langoni. "Amedanganya tena?" akauliza. Kiguu akampita bila kumjibu.

Nilimlaza Wakili kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Nikachemsha maji ya chumvi, nikachemsha uzi na sindano. Kiguu alimshika kichwa, mimi nikashona. Tulipofika katikati ya jeraha la bega, akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Sikio. Tangu mwaka juzi."

Sindano ikasimama. Mwaka juzi ndipo alipohama upande wake wa kitanda, upande ambao alikuwa analala tangu tuoane. Aliniambia anataka upepo wa dirisha. Mimi nikadhani ananikimbia, na nilinuna wiki mbili, nikajibu kila swali kwa ndiyo na hapana.

"Kitanda je?" nikauliza.

"Ulikuwa upande mbovu," akasema. "Ulikuwa unaongea usiku na mimi sipati kitu. Nikahama ili uwe huku." Akagusa sikio la kulia kwa bega, maana mikono ilikuwa kwa mbwa.

Ningeweza kulia, na nililia kidogo, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. "Kwa hiyo ulijua," nikasema. "Ulijua mbwa hadanganyi. Na ungempiga mkuki leo, ili watu wasijue kwamba ni sikio lako."

Akakisogeza vizuri kichwa cha mbwa mikononi mwake.

"Mkuki kwa nguruwe, baba," nikamwambia. Sikuumalizia. Kila mtu anajua unavyomalizika.

"Najua," akasema. "Shona."

Nikashona. Nami lazima niseme langu: aliyemwingiza mbwa kwenye meno ni mdomo wangu, si sikio lake. Nilimwambia hivyo pia, nilipofunga fundo la mwisho. Akasema kosa tumegawana. Tulipomaliza, Wakili alikuwa ametulia mno, na sikuipenda ile hali. Kiguu akainama, akalaza sikio lake la kulia juu ya mbavu zile nilizoshona, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa mahali popote.

"Yupo," akasema.

Mganga wa mifugo alikuja kesho yake, akachoma sindano, akasifu mishono yangu, akasema tungoje. Tukangoja, sisi tusiojua kungoja. Wakili akaanza kula siku ya tatu, akasimama siku ya nane. Lakini hakubweka. Kuku wakapita, mtu wa maji akapita, kimya. Niliogopa kwamba sauti imebaki kwenye matete. Kiguu naye hakusema neno kwa mtu yeyote kuhusu sikio. Shemeji aliendelea kumtaja mchoma mkaa na mbwa wake, na Kiguu aliendelea kuangalia pembeni, na mimi niliendelea kukanyaga pedali kwa nguvu isiyo na sababu. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii simsemei. Kama ni kusema, aseme mwenyewe.

Ikawa asubuhi moja ya wiki ya tatu. Mkanda wa mashine ulikatika, ikazimwa. Uwanjani kulikuwa na wanawake saba na ndoo zao za mahindi, shemeji yuko chini ya injini na spana, mimi niko mlangoni napiga vifungo. Kimya kizuri. Ndipo Wakili akabweka. Mara tatu, kwa sauti iliyokwaruza, lakini yake mwenyewe.

Kiguu akainua kichwa. Akakigeuza kuelekea barabarani, ambako hakukuwa na kitu. Akapiga hatua moja kwenda huko, watu wote wanamtazama, nami nimeuma uzi bila kuukata.

Akasimama. Akanigeukia, mbele ya mdogo wake na wale wanawake wote na ndoo zao.

"Mama," akasema, "yuko upande gani?"

Spana ya shemeji ikatulia chini ya injini.

"Nyuma," nikamwambia. "Kwenye kuni."

Akaenda nyuma.